Ukoo Haujulikani

Vidole vya wanawake wa kwetu havikubali wino. Nililijua hilo wiki ya kwanza ya zoezi lile, mwishoni mwa miaka ya sabini, serikali ilipoamua hatimaye kwamba hata mwanamke ni mtu wa kuandikishwa. Kabla ya hapo kitambulisho kilikuwa cha wanaume. Walikuja kwa makundi, wamejifunga leso zao safi, nami nikawashika mkono mmoja mmoja, nikaviringisha kidole kwenye bati la wino kisha kwenye karatasi. Kwenye karatasi lilitokea doa jeusi tupu. Miaka ya kukwaruza katani na kusokota nyuzi za viondo ilikuwa imefuta mistari yote. Mkubwa wangu, mtu wa mkoa mwingine, alidhani sijui kazi, nikamwambia ainuke aje aangalie mikono yao. Tukawa tunawapaka mafuta ya kupikia, wanakaa nje kivulini, wananawa kwa sabuni ya mche, tunajaribu tena. Wengine walirudi mara tatu. Bibi mmoja aliuliza, "Sasa mimi nikiiba leo mtanishika na nini?" na ukumbi mzima ukacheka.

Niliipenda kazi ile, siwezi kudanganya. Nilikuwa karani wa uandikishaji kwenye ofisi ya D.O., afisa wa tarafa, si mbali na Emali, nikiwa nimetoka shule ya misheni na mwandiko mzuri. Mwandiko ndio ulionipa kazi. Mwalimu wetu wa darasa la nne alikuwa akitupiga rula ya vidole herufi ikilala vibaya, na tangu wakati huo sijaandika herufi mbaya hata nikiwa na homa. Nautaja mwandiko mapema kwa sababu ndio uliofanya lile ninalotaka kulisimulia.

Baba hakuifurahia kazi yangu. Mtu angetarajia kwamba mchungaji wa zamani wa ng'ombe wa mzungu angejivuna kuona binti yake amekalia kiti ofisini. Yeye aliniuliza swali moja tu. "Wanavaa shingoni?"

Nikacheka. Nikamweleza kwamba ni kadi ndogo, mtu anaitia mfukoni.

"Basi wameondoa kamba tu," akasema, akarudi kwenye kazi yake ya kuchonga mpini.

Yeye aliivaa ile ya kamba. Alipofikisha miaka kama kumi na sita alipewa kipande, kwenye mkebe mdogo wa chuma wa kuning'inia kifuani, na ndani karatasi iliyokunjwa: jina, kabila, chifu, alama za vidole, na mwajiri. Mwajiri alikuwa na ruhusa ya kuandika maneno yake kuhusu mfanyakazi, maneno yoyote, na baba hakujua kusoma. Kwa miaka mingi alitembea na maneno kifuani asiyoyajua. Siku katekista alipomsomea, yalisema kwamba mtu huyu ni mvivu lakini si mwizi. Baba alitusimulia hilo akicheka, ila ukimjua ulijua kwamba ile ilikuwa hasira. Alikuwa akiamka kabla ya ndege.

Mikebe ilipoondolewa, wenzake wengi waliitupa. Wengine walitilia ugoro. Baba aliuweka wake ndani ya sanduku la mbao, chini ya Biblia na koti la kanisani, na sisi watoto tulikatazwa kuuchezea.

Tena palikuwa na jambo la kura. Miaka ya mwisho ya wakoloni ilitangazwa kwamba Waafrika wachache wataruhusiwa kupiga kura. Baba alifunga safari kwenda kuuliza kama naye anaruhusiwa. Akaulizwa amesoma hadi darasa gani, ana mali kiasi gani, amewahi kuajiriwa na serikali? Hakuwa na hata kimoja. Mzungu wake, ambaye hakuwajua ng'ombe wake mwenyewe bila baba kusimama pembeni, alipiga. Baba alirudi nyumbani, akala, akalala. Kwa hiyo kura iliyoleta uhuru, ile ambayo kila mtu mzima alikuwa na yake moja, baba aliiendea kama watu wanavyoendea meza ya Bwana. Alinyoa. Alivaa koti. Na alikwenda na mtu mmoja, ambaye ndiye hasa ninayetaka kumweleza.

Alikuwa Msomali. Sisi nyumbani tulimwita baba mdogo. Alizaliwa kando ya reli pale Emali, baba yake akiwa mchuuzi wa ng'ombe aliyefika sehemu hizo kabla ya vita. Baba yake alikufa yeye akiwa mdogo sana, mama yake akafuata, akalelewa uani kwa mchuuzi mwingine aliyehitaji mikono ya kuchunga kuliko alivyohitaji mwana. Hakuna aliyekaa naye kumfundisha majina ya mababu zake, ambayo nasikia watoto wa Kisomali hufundishwa kama sisi tulivyofundishwa Amri Kumi. Alijua jina la baba yake na la babu yake, basi. Kikamba alikisema kama sisi, na akitukana ng'ombe alimtukana kwa Kikamba. Kuswali aliswali tano zake bila kukosa.

Urafiki wake na baba ulitokana na njaa, ile ya kabla tu ya uhuru tuliyoiita njaa ya atta, kwa ajili ya unga tuliogawiwa. Nilikuwa na miaka tisa. Ng'ombe wetu walikuwa wakifa mmoja baada ya mwingine, na amri ilikuwa kwamba ng'ombe wa Mwafrika hatoki kwenye rizavu, eneo tulilotengewa, eti ana magonjwa. Ng'ambo ya waya ng'ombe wa mzungu walikunywa maji ya bomba. Yule Msomali alikuwa na ruhusa ya kupitisha mifugo ya biashara. Akamwambia baba, nipe waliobaki niwachanganye na wangu, niwapeleke upande wa Loitokitok kwenye majani. Walikuwa sita. Baba akampa.

Majirani walimcheka. Walimwambia amewapa ng'ombe wake miguu. Mama kila jioni alikuwa akitoka nje kutazama njia.

Miezi minne ilipita, mvua ikanyesha, akarudi. Alirudi na ng'ombe watano na ndama wawili. Begani alikuwa amebeba ngozi iliyokauka ya yule wa sita. Aliitandaza mbele ya baba, akamwonyesha sikio lenye alama yetu, na mahali fisi aliporarua. Hakutaka mtu afikiri ameuza. Alikuwa ameibeba ngozi ile kutoka huko kwa miguu. Baba aliishika kwa muda mrefu. Sijui aliwaza nini, najua alichofanya.

Alitafuta mbuzi. Kwetu mtu wa nje anaweza kuingizwa kwenye ukoo, mbuzi akaliwa, wazee wakanena, na mtu huyo akitoka hapo ni wa ukoo kama aliyezaliwa humo. Haifanywi kila siku, wala haifanywi kwa mzaha. Wazee wa ukoo wetu walinung'unika kuhusu kuchinja, kwa maana Msomali hawezi kula asichochinjiwa kwa njia yake, na mbuzi wa kazi kama ile hachinjwi na mgeni. Baba akawaambia, "Achinje akiwa mgeni, atakula akiwa ndugu." Wakakubali, nadhani kwa sababu ya njaa pia. Alichinja mwenyewe, akaelekea kibla, akataja jina la Mungu, nasi tuliokuwa Waprotestanti wa kufunga macho hata kwa chai tukatazama. Kisha wazee wakamvisha mkononi ukanda wa ngozi ya mbuzi yule, mbichi. Nilikuwepo. Nilipewa figo.

Tangu hapo hakuna jambo la ukoo lililofanyika bila yeye. Nilipoposwa na watu wa Mbumbuni, alikaa upande wetu na akawa mgumu kuliko wajomba zangu. Aliwaambia wageni, "Hii msichana iko na mwandiko. Mbuzi ya mwandiko iko wapi?" Mume wangu aliikumbuka ile mbuzi ya mwandiko hadi uzeeni. Na mimi, kwa sababu niliitwa jina la mama mzaa baba, baba aliniita mwaitu, yaani mama yangu, kama desturi yetu ilivyo. Baba mdogo naye aliniita hivyo hivyo. Mtu mzima, ndevu nyekundu kwa hina, anasimama mlangoni mwa ofisi ya serikali anaita, "Mwaitu! Umeamka?" Makarani wenzangu walizoea.

Nilichochelewa kuona ni fomu. Miaka kumi niliijaza ile fomu bila kuisoma, kama mtu anayesali bila kusikiliza. Siku moja baba aliniambia nimsomee yaliyokuwa kwenye kipande chake, akiwa anapanga vitu kwenye sanduku, na nilipokuwa nasoma nikahisi aibu fulani ambayo sikuielewa. Jina. Kabila. Chifu. Lokesheni. Vidole. Mpangilio ulikuwa wangu, wa kila siku. Mzungu alikuwa ameondoka na kofia yake, akatuachia fomu, nasi tukaipiga chapa upya. Nilimrudishia baba karatasi, nikamwambia imechakaa haisomeki vizuri.

Mwishoni mwa miaka ya themanini ikatoka amri kwamba Wasomali wote wakaguliwe. Wote, awe amezaliwa hapa au pale. Kila mmoja alitakiwa kuja mbele ya kamati na kitambulisho chake, aeleze babu yake ni nani, ukoo wake ni upi, na chifu gani anamjua, ndipo apewe kadi ya pili, ya waridi, ya kuthibitisha ile ya kwanza. Wale ambao kamati haikuridhika nao kitambulisho kilibaki mezani. Hakuna aliyekwenda kumuuliza mzungu wa ranchi jirani babu yake alizaliwa nchi gani. Hakuna aliyeniuliza mimi. Nilipewa rundo la fomu na kalamu mbili mpya.

Kamati ilikaa kwenye ukumbi wa soko. Palikuwa na afisa kijana kutoka Nairobi, mwenye adabu, suti ya kijivu. Naibu wa chifu. Na wazee wawili wa Kisomali walioletwa kutoka mji mwingine ili wawatambue wenzao. Nami nilikaa mwisho wa meza nikiandika. Kabla ya kuanza, mkubwa wangu alinivuta kando. Akanionya kwamba karani wa ofisi nyingine alimtetea mtu, na sasa amehamishiwa kule ambako hata barua hazifiki. "Wewe una watoto wa shule," akasema. "Andika tu unachoambiwa."

Baba mdogo aliingia siku ya kwanza, saa nne asubuhi. Alikuwa amevaa kanzu safi na kofia yake ya kuswalia. Aliponiona uso ulimchangamka, na nikaona mabega yake yanashuka, kama mtu aliyekuwa na wasiwasi wa mtihani akakuta msimamizi ni mtoto wake.

Jina, akataja. La baba, akataja. La babu, akataja. Wale wazee wawili wakatazamana, hawakulijua.

"Ukoo wako?" akauliza afisa.

Na yeye, bila kusita, akataja ukoo wetu.

Naibu wa chifu alikohoa. Mzee mmoja wa Kisomali alicheka, kisha watu waliokuwa kwenye mabenchi wakacheka. Afisa akamgeukia naibu wa chifu. "Huo ni ukoo wa Wasomali?"

"Hapana, bwana. Huo ni wa Wakamba."

Afisa hakucheka. Aliweka kalamu chini. "Mzee, unatuchezea?"

"Sichezi, kijana yangu. Umeuliza ukoo, nimesema. Mimi sina ingine."

"Wewe ni Mkamba?"

"Mimi ni Msomali. Lakini ukoo ni hiyo." Alinyoosha mkono, akanionyesha. "Uliza hii karani. Hii ni msichana ya kwetu. Mbuzi ilichinjwa, hata yeye alikula."

Wote wakanitazama. Nakumbuka wino ulikuwa umenitia doa kwenye kidole cha kati. Nakumbuka kuku akipita mlangoni. Afisa aliniuliza, kwa upole kabisa, "Unamfahamu huyu?"

Sentensi ilikuwa nyepesi. Ndiyo, ni baba yangu mdogo, asemayo ni kweli. Hata mtoto angeisema.

"Namfahamu kwa kumwona," nikasema. "Ni mchuuzi wa ng'ombe hapa sokoni."

Baba mdogo hakunikasirikia, ningefurahi angekasirika. Alinitazama tu kama mtu aliyekuja kwenye nyumba anayoijua akakuta mlango umehamishwa. Afisa aliwauliza wale wazee kama wanamtambua, wakatikisa kichwa. Siwalaumu, walimwona kwa mara ya kwanza siku hiyo. Afisa akaniambia, "Kwa ukoo, andika haujulikani."

Nikaandika. Ukoo: haujulikani. Niliandika kwa herufi nzuri, zilizonyooka, zilizokaa juu ya mstari. Kitambulisho chake kikabaki mezani, juu ya vingine.

Kesho yake baba alikuja. Alikuwa mzee wa zaidi ya miaka sabini, na kutoka nyumbani hadi soko ni mwendo. Aliingia ukumbini na koti la kanisani, na juu ya koti, kifuani, alikuwa amevaa mkebe. Ile kamba ya zamani ilikuwa imeoza, akaweka ya katani. Vijana hawakujua ni kitu gani. Wazee walijua, na mmoja wao alivua kofia.

"Mzee, utatungojea?" akasema afisa. "Leo ni ya Wasomali tu."

"Ndiyo nimekuja hiyo," akasema baba. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini kwa mzungu, kifupi. "Jana iko mtu alisema ukoo, nyinyi mkacheka. Ukoo mimi nilimpa. Wazee yote imekufa, nimebaki mimi. Sasa andika mimi shahidi."

Afisa alimweleza vizuri sana kwamba sheria inataka mashahidi wa kabila la mtu mwenyewe. Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaushika ule mkebe.

"Hii ilikuwa na kabila pia," akasema. "Mzungu aliandika. Nilivaa mpaka shingo ikapata alama. Nyinyi mlisema imekwisha."

Kijana yule aliinama akautazama mkebe kwa karibu. Nadhani alikuwa hajawahi kuuona. Akasema, na ninaamini alitaka kusema jambo jema, "Mzee, hiki ni cha kupeleka makumbusho."

Baba akanigeukia. Aliniuliza kwa Kikamba, taratibu, ili yule wa Nairobi asisikie aibu ya nyumba yetu. "Ile ya jana ni wewe uliandika?"

"Ni mimi."

"Na ulipoulizwa?"

Naibu wa chifu, ambaye alielewa Kikamba, alitazama kucha zake. Baba alitikisa kichwa mara moja, akaufunga ule mkebe, akasema kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie, "Asante, karani." Akatoka.

Hakuniita tena mwaitu. Nilikwenda kumwona Jumapili zote, nikampelekea sukari, nikamfulia koti, na aliniuliza habari za watoto, na alinishukuru kwa kila kitu. "Asante, karani." "Karani, umekula?" Mama alimwomba aache. Alimwambia kwamba hana neno baya nami, anataja kazi yangu tu.

Nataka isemwe kwamba nilijaribu. Niliandika barua kwenda makao makuu kuomba lile neno lirekebishwe, nikaeleza habari ya mbuzi, nikaweka jina langu. Halikurudi jibu. Nikaandika tena, na tena mwaka uliofuata, nikamwendea D.O. mpya, akaniambia faili haifunguliwi kwa sababu ya mbuzi. Ilinichukua sekunde mbili kuliandika lile neno, na miaka yangu yote iliyobaki kazini haikutosha kulifuta.

Yeye aliendelea kuishi palepale, na kadiri siku zilivyopita dunia yake ilifupika. Kwenye vizuizi vya barabara ya Mombasa wengine walionyesha kadi, yeye aliteremshwa, kwa hiyo akaacha kupeleka ng'ombe minada ya mbali. Binti yake wa mwisho alipotimiza miaka kumi na minane alikuja ofisini kwangu kuomba kitambulisho, msichana mrefu, cheti cha kidato cha nne mkononi, Kikamba chake kizuri kuliko cha watoto wangu.

"Niliambiwa nilete ya baba," akasema. "Na baba hana."

Nilijua hana. Nilimwandikia fomu hata hivyo, nikaituma, ikarudi na alama ya kalamu nyekundu kwenye mstari wa baba. Alirudi kuulizia mara nne. Mara ya tano hakuja. Nilisikia ameenda Nairobi kwa ndugu wa mama yake, anauza kwenye duka la mtu, hawezi kuajiriwa popote pa kuandikwa. Kosa langu lilikuwa limeshaanza kuzaa.

Kisha vikaja vyama vingi. Siku zile sote tulikuwa kama watu walioamshwa, kila mtu redio sikioni. Wagombea walikuja Emali na vipaza sauti juu ya magari. Mmoja alisimama pale kwenye mnada na kusema kwamba wakati umefika wenyeji wale cha kwao, na wageni wajue ni wageni. Watu walipiga makofi. Walikuwa watu wa kanisa langu, watu wazuri, walionizikia mama yangu. Baba mdogo alikuwa amesimama pale pale kando ya ng'ombe wake, akiwa amezaliwa hatua chache tu kutoka pale. Neno "wageni" lilipotajwa, wawili watatu waligeuka kumtazama. Nilifikiri, hawa hawajui kwamba wanasoma fomu yangu.

Siku ya kura niliwekwa karani wa kituo, shuleni. Foleni ilianza kabla ya jua. Nilimwona baba akija, amenyoa, amevaa koti, fimbo mkononi, na kando yake baba mdogo, kama walivyokwenda mwaka ule wa kwanza. Sijui alimwambia nini hata akakubali kuja. Labda baba alifikiri wakati umebadilika, na kura hii itakuwa kama ile. Walisimama kwa saa tatu juani wakishikana bega.

Walipofika kwangu nilimwomba baba kadi, nikapata jina lake. Nikamtazama mwenzake. Alikuwa na karatasi za zamani: cheti cha kodi, barua ya chifu aliyekwisha kufa, picha.

"Hii haitoshi, baba mdogo," nikasema. Nilimwita hivyo kwa sauti kubwa, mbele ya mawakala wa vyama vyote, mbele ya msimamizi. Mara hii nililisema. Lilikuwa limechelewa na halikumsaidia kitu.

"Najua," akasema. "Mimi nilikuja kusindikiza mzee."

Nikampa baba karatasi yake ya kura. Aliishika. Alikuwa ameingoja nafasi ya namna hii tangu siku alipoulizwa amesoma hadi darasa gani. Aliitazama, akaitazama foleni, kisha akairudisha juu ya meza, akaisukuma kwangu kwa vidole viwili.

"Karani," akasema, "weka tu."

"Baba, piga. Tafadhali."

"Nilipiga ile ya kwanza," akasema. "Nilidhani ni ya wote." Wakaondoka pamoja, wakapita katikati ya uwanja wa shule, polepole, kwa sababu ya goti la baba. Msimamizi aliniambia niandike kwamba karatasi moja imeharibika. Nikaandika. Nililia pale pale mezani, mbele ya watu, na foleni ikangoja.

Baba alikufa miaka michache baadaye, kwa amani, wakati wa kupalilia. Tulimzika nyumbani. Mchungaji alihubiri kwa muda mrefu, kwaya ikaimba. Sanduku lilipoteremshwa, kaka yangu mkubwa alisoma majina ya watakaotia udongo, kwa utaratibu wa kwetu: ukoo wa marehemu kwanza. Wakasogea wanaume wa ukoo, na katikati yao, kofia ya kuswalia, ndevu zimekuwa nyeupe sasa, alisogea yeye. Hakuna aliyemuuliza kitu. Mzee mmoja alimpisha kwa sababu ya umri wake. Aliinama, akachota udongo kwa mkono, akautia kaburini, akasimama kidogo midomo ikicheza.

Mimi sikuitwa nao. Mwanamke akiolewa huhesabiwa kwa mumewe, na ukoo wangu sasa ulikuwa wa Mbumbuni, kwa hiyo nilisimama ng'ambo ya kaburi pamoja na wakwe zangu nikingoja zamu ya wageni. Ilikuwa ni desturi tu, hakuna aliyenikomoa.

Walipomaliza, watu wa ukoo walipita mbele yetu wakitupa mikono ya pole. Alipofika kwangu nilimshika mkono kwa mikono yangu miwili. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa miaka, tangu ukumbini, na nikafungua mdomo. Yeye aliupapasa mkono wangu kwa upole, kama unavyompapasa mtu mwenye msiba.

"Pole sana, karani," akasema, akaendelea mbele kwa aliyefuata.